Goli Lisilofika Nyumbani

Kaeni vizuri. Hadithi hii haitaki kuitikiwa mwanzoni; inataka kujibiwa mwishoni, na anayengoja jibu lenu ni mtu mmoja aliyekaa na simu mkononi. Basi sikilizeni, msije mkalala njiani.

Palikuwa na vijana watatu, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Zamzam alikuwa na sikio. Babu yake, mzee wa Kinubi pale Kibera, alikuwa fundi cherehani, na msichana huyo alikulia chini ya meza yake ya kazi. Kabla hajajua kusoma aliweza kumwambia babu kwamba uzi unataka kukatika, na kabla babu hajauliza amejuaje, uzi ulikatika.

Ombima alikuwa na ulimi. Alikuwa kijana mwembamba wa Mukuru, mwenye meno yaliyoachana na maneno yasiyoachana. Mama yake alisema mtoto huyo angemuuzia mwenye kipara kitana, kisha angerudi kesho yake kumuuzia mafuta ya nywele.

Nyaboke hakuwa na kipaji ambacho watu walikiita kipaji. Alijua kusimama. Ukimwambia ningoje hapa, ukasahau, ukarudi jua likizama, ungemkuta palepale, hajanuna wala hajaketi. Wenzake walimwita Mlingoti. Hakuna aliyemsifu kwa hilo. Inayosifiwa siku zote ni bendera.

Wote watatu walichezea timu moja, Swara, katika ligi ya vijana ya mpira wa magongo wa barafuni. Ndiyo, barafuni, na ndiyo, Nairobi. Kwenye ghorofa ya juu kabisa ya jumba moja la biashara, upande wa kusini mwa mji, palikuwa na uwanja wa barafu, mdogo kuliko inavyotakiwa, na katikati yake ilisimama nguzo ya zege iliyoshikilia paa. Nguzo hiyo ilizungushiwa magodoro. Wachezaji walivaa viatu vyenye makali ya chuma chini, wakasukuma kwa magongo kisahani cheusi kigumu, na kila aliyecheza hapo aliwahi kuikumbatia nguzo ile bila kupenda. Timu zilikuwa nne: Swara, Kanga, Nyegere na Korongo. Nje watu walitembea na shati la mikono mifupi. Ndani, pumzi zilitoka vinywani kama mvuke wa chai.

Aliyeianzisha ligi hiyo alikuwa mwalimu aitwaye Nthenya. Katika ujana wao alimfuata mumewe, Maithya, hadi Ufini, mume alikokwenda kusomea shahada ya udaktari katika elimu ya udongo. Mume alishinda maabara. Mke, aliyechoka kutazama theluji dirishani, alimfuata jirani yao Riitta, kocha wa watoto, hadi uwanjani kwake, na alipotoka huko hakuwa mtu yuleyule.

Maithya hakupata kuujua mchezo. Kila Jumamosi alimpeleka mkewe, akaketi kwenye benchi na koti zito, akasahihisha mitihani ya wanafunzi wake wa chuo kikuu. Njiani wakirudi, Nthenya alikuwa akimuuliza kama alitazama. Alikuwa akijibu kwamba alitazama. Nani alifunga? Hapo Maithya alishika usukani kwa mikono miwili kana kwamba barabara imeharibika ghafla, na mkewe akacheka mpaka wakafika nyumbani Syokimau.

Nthenya aliweka desturi moja ambayo refa mgeni angeishangaa. Goli likiingia, halikuhesabiwa mpaka lirudishwe nyumbani. Mfungaji alinyoosha mkono kumwonyesha aliyempa kisahani. Huyo naye alimwonyesha aliyempa yeye, mkono kwa mkono, hadi pale kisahani kilipoanzia safari. Wa mwisho, asiyekuwa na wa kumwonyesha, aliweka mkono kifuani. Hapo ndipo refa alipopuliza filimbi, na goli likawa limefika nyumbani. Watoto walizoea hivyo kiasi kwamba walimu wao walilalamika: mwanafunzi akisifiwa darasani kwa jibu sahihi, anamwonyesha mwenzake kidole.

Sasa msimu tunaousimulia ni wa mwisho. Ulipoanza, Nthenya alikuwa mgonjwa, na watu wazima walijua ni ugonjwa gani. Alifundisha akiwa amekaa kitini ukingoni mwa barafu, blanketi magotini, filimbi shingoni.

Siku moja Swara walikuwa mazoezini. Chini ya barafu yalipita mabomba ya baridi, na nyuma ya ukuta mtambo uliyaendesha ukinguruma mchana na usiku, mpaka watu wakaacha kuusikia. Zamzam akasimama ghafla katikati ya mchezo. Akasema mtambo unakohoa. Wenzake walicheka, na Ombima akashauri upelekewe tangawizi. Zamzam hakucheka. Alikwenda kwa fundi wa jumba, Gatheru, akamwomba auzime. Gatheru alitega sikio, hakusikia kitu, akamweleza kwa upole kwamba mishale yote ya vipimo iko mahali pake, na kwamba akiuzima bila sababu atafutwa kazi.

Basi Zamzam akarudi, akaketi katikati ya barafu, akasema hainuki mpaka mtambo uzimwe. Alikaa mpaka suruali ikaanza kuganda. Nthenya hakumwamuru ainuke wala hakumwambia aendelee kukaa. Alimtazama Gatheru tu. Gatheru akauzima.

Alipoufungua, alikuta beringi ya pampu imesagika. Ungeendelea kufanya kazi hadi asubuhi, alisema, pampu ingejivunja yenyewe, na vipuri vyake havipatikani karibu kuliko ng'ambo ya bahari. Wenye jumba walikuwa tayari wanatafuta sababu ya kuuondoa uwanja. Gatheru alifuta mikono kwa kitambaa, akamgeukia msichana.

"Mimi nimeishi na mashine hii kama mke," alisema, "na wewe ndiye umesikia anaugua."

Alijuta papo hapo, kwa sababu Maithya alikuwa amesimama nyuma yake na koti la mkewe mkononi. Lakini barafu ilipona, na msimu ukaendelea.

Barafu ikawapo, wachezaji wakaanza kupungua. Nthenya alilazwa hospitalini, na wazazi wakasema waziwazi waliyokuwa wakiyasema jikoni: mtoto wa hapa na barafu, wapi na wapi? Ukazuka uvumi kwamba baridi ile ndiyo iliyomla kocha kifua. Kanga wakabaki wachache, Nyegere wakabaki wachache zaidi. Kanuni ilikuwa kwamba timu isiyotimia hufutwa, na zikifutwa mbili, ligi imekufa.

Ombima hakuagizwa na mtu. Alianza kwenda nyumba kwa nyumba, Mukuru, Imara Daima, Pipeline, Kibera. Pengine alikaribishwa chai, pengine alifungiwa mlango akaendelea kuzungumza na mlango mpaka ukafunguka. Huko Pipeline alimkuta mama mmoja akikata sukuma wiki kizingitini, na mama huyo hakuinua macho.

"Kijana, mimi nina mtoto mmoja tu. Akapate nimonia kwa ajili ya mchezo wa Wazungu?"

"Mama, hata mimi niliogopa," Ombima alisema, akichuchumaa na kuanza kumpangia majani. "Nikamwendea Daktari Maithya mwenyewe, mume wa Kocha. Akaniambia barafu haina ubaya wowote."

"Ni daktari kweli?"

"Mama, hata mkewe akimkasirikia anamwita Daktari."

Mama akacheka, na mtoto akaruhusiwa. Ni kweli kwamba Maithya alikuwa daktari, ila wa udongo, na ni kweli kwamba aliwahi kumwambia Ombima barafu haina ubaya, ila alikuwa akizungumza juu ya mashamba ya Ufini wakati wa baridi. Habari ilimfikia pale mzazi mmoja alipomsimamisha sokoni kumuuliza dawa ya kikohozi. Maithya alifikiri kidogo, akamshauri maji ya moto na limau, akaenda zake.

Hata Nyaboke alikuwa amebaki nyumbani, maana mama yake alikuwa na kitoto kichanga na hakuwa na msaidizi. Kwake Ombima hakutumia maneno mengi. Alimleta dada yake mwenyewe akae na kichanga kila Jumamosi. Hivyo wachezaji wakarudi mmoja mmoja, timu zikatimia zote nne, na msimu ukaendelea.

Ndipo, alasiri moja hospitalini, Nthenya alipomwambia mumewe neno ambalo limemkalia hadi leo. Riitta alikuwa amebaki peke yake nyumbani kwake Ufini. Mwanawe alikuwa amehama. Alikuwa tayari kumpokea mtoto mmoja wa ligi, amlee, amsomeshe, amwendeleze mchezoni.

"Chumba ni kimoja," Nthenya alisema. "Mpe yule ambaye bila yeye msimu huu usingefika mwisho."

Maithya akauliza ni nani. Mkewe alikuwa amefumba macho, na Maithya akadhani amelala.

"Safari hii utazame," mkewe akasema. "Utamwona."

Hakutaja jina, na wiki hiyo haikwisha akiwa hai.

Walimzika kwao Machakos, kwenye udongo mwekundu ambao mumewe aliujua kwa jina lake la kitaalamu na siku hiyo hakuweza kulikumbuka. Baada ya maziko makocha wa timu nyingine walikutana, wakakubaliana msimu usimamishwe kwa heshima ya marehemu. Hawakupata mpinzani. Nani angesimama kupinga heshima?

Jumamosi iliyofuata Maithya alikwenda uwanjani kuchukua kiti, blanketi na filimbi. Taa zilikuwa zimewashwa nusu. Barafu ilikuwa tupu, nyeupe, haina mkwaruzo, na golini alisimama Nyaboke, amevaa mavazi yote ya kipa, gongo mkononi, kama mtu anayengoja shambulio.

Alimwambia msimu umesimamishwa. Nyaboke alisema amesikia. Alimuuliza basi anamngoja nani.

"Yeyote wa kupiga, Daktari. Leo ni Jumamosi."

Maithya alikunja blanketi. Aliweka filimbi mfukoni. Alikibeba kiti hadi mlangoni, akakiweka chini, akarudi. Kisahani kimoja kilikuwa kimesahauliwa kando ya ukuta. Katika miaka yote ya ligi hakuwahi kukanyaga barafu ile. Aliingia na viatu vyake vya ngozi, mkono mmoja ukishika ukingo, mwingine ukishika mwavuli, akakisukuma kisahani kwa ncha ya mwavuli. Kilitambaa kama kobe mzee. Nyaboke alipiga magoti, akakizuia kwa gongo na glavu, kwa makini yote, kana kwamba kimepigwa na bingwa wa dunia. Akamrudishia.

"Tena," alisema.

Alipiga tena. Mara hiyo alianguka, na akabaki chini muda mrefu kuliko alivyohitaji. Nyaboke hakucheka. Wala hakuja kumwinua, maana kipa haachi goli.

"Inuka, Daktari. Tena."

Jumamosi ya pili Gatheru aliwakuta, akaenda kutafuta gongo. Kisha Zamzam akaja, kisha Ombima na maneno yake. Waliokuja kushangaa walibaki kucheza. Mwishowe makocha walioona haya kucheza waliona haya kutocheza, na mechi zilizosalia zikapangwa upya. Msimu ukaendelea. Na Maithya, ambaye sasa hakuja na mitihani ya kusahihisha, aliketi katika kiti cha mkewe, akatazama.

Alitazama mpaka fainali, Swara na Korongo. Korongo walikuwa wakubwa kwa umbo na walianza kwa kufunga. Baadaye, Swara wakiwa wamebanwa upande wao, Korongo mmoja alipiga kwa nguvu, na Nyaboke, ambaye hakuwa amesogea, alikuwa pale kisahani kilipokuja. Alikisukuma kwa Zamzam. Zamzam alikuwa amezibwa na nguzo ya katikati. Upande wa pili hakuona mtu wala kitu. Alitega sikio. Akasikia makali ya viatu vya Ombima yakikwaruza barafu, akakipeleka kisahani nyuma ya nguzo bila kutazama. Ombima akakikuta gongoni mwake kama mtu anayekuta chakula mezani. Akafunga.

Uwanja ukanyamaza kungoja goli lirudi nyumbani.

Ombima alinyoosha mkono kumwonyesha Zamzam. Zamzam akamwonyesha Nyaboke. Sasa Nyaboke alipaswa kuweka mkono kifuani, maana safari ilianzia kwake. Refa alikwisha kuweka filimbi mdomoni. Lakini Nyaboke alivua glavu, akanyoosha mkono uwanja mzima, akamwonyesha Ombima. Bila yeye asingekuwapo golini siku ile.

Watu wakacheka, kwa sababu goli lilikuwa linazunguka. Ombima, aliyekuwa na jibu la kila kitu, mara hii alijibu kwa mkono. Alimwonyesha tena Zamzam. Zamzam akamwonyesha Nyaboke, Nyaboke akamwonyesha Ombima. Kicheko kikapungua, kikaisha. Vijana watatu walisimama na mikono imenyooka, wakitazamana, na refa alitazama kiti cha Nthenya kuomba amri, akamkuta Maithya. Maithya alifanya alichoweza. Alitoa filimbi ya mkewe mfukoni, akaipuliza. Goli likahesabiwa, ila mpaka leo halijafika nyumbani.

Swara walifungwa. Korongo waliongeza moja karibu na mwisho, wakachukua kombe. Msidhani basi kwamba hii ni hadithi ya washindi. Ni hadithi ya msimu uliofika mwisho, na hilo tu ndilo lililokuwa limeombwa.

Wiki hiyohiyo wenye jumba walitangaza kwamba ghorofa ile itakuwa ghala la fanicha. Vijana walikuja kuaga. Gatheru aliuzima mtambo, na wengi hawakujua ni wakati gani hasa. Zamzam peke yake ndiye aliyeinua kichwa.

"Umenyamaza," alisema.

Asubuhi yake barafu ilikuwa maji, na maji yakafagiliwa. Hakuna uwanja mwingine wa barafu ambao mtoto wa Kibera, wa Mukuru au wa Pipeline angeufikia. Kilichobaki kilikuwa chumba kimoja nyumbani kwa Riitta. Maithya alimpigia kumuuliza kama vingewezekana vitanda viwili. Riitta alieleza, kwa sauti ya mtu anayeona aibu kwa nyumba yake mwenyewe, kwamba chumba kile ukikiwekea kitanda cha pili mlango haufunguki, na kwamba kwa umri wake hawezi kulea zaidi ya mmoja.

Basi Maithya aliwaita wale watatu nyumbani kwake Syokimau. Aliwapikia chai mwenyewe, ikawa na majani mengi mno, nao wakainywa kwa adabu. Aliwaambia yote: chumba, masomo, maneno ya mkewe. Kisha akauliza kama Nthenya angeuliza. Bila nani?

Akangoja mikono.

Siku ile barafuni mikono mitatu ilinyooka bila kuulizwa. Hapa sebuleni mikono mitatu ilibaki mapajani. Ombima alikuwa akitazama kikombe chake, Zamzam dirisha, Nyaboke kiti kilekile cha uwanjani, ambacho sasa kilikuwa pembeni mwa kabati. Maithya aliona kitu ambacho hakukitazamia: hakuwa na haki ya kuwalaumu. Barafuni, kumwonyesha mwenzako kulikuwa kumpa sifa, na sifa haipungui ukiigawa. Hapa ilikuwa kumpa mwenzako maisha yako. Nthenya aliwafundisha watoto kwa miaka kwamba goli halina mwenyewe, halafu akaacha zawadi isiyoweza kuwa ya watu wawili. Lilikuwa kosa ambalo yeye tu angeweza kulifanya, naye hakuwapo tena aulizwe.

Zamzam ndiye aliyeanza, kwa sauti ya chini. Alisema hataki kujisifu, ila mtambo ungevunjika siku ile, hawa wenzake wangecheza juu ya nini? Ombima angemwita nani, aje wapi? Nyaboke angesimama golini kwenye sakafu ya saruji?

"Dada, barafu ilikuwapo," Ombima alisema. Alizungumza polepole kuliko kawaida yake. "Watu hawakuwapo. Barafu bila watu ni friji. Na Mlingoti hapa, mimi ndiye niliyemtoa nyumbani. Alichofanya yeye nacho ni changu kidogo."

"Ulimdanganya mama wa Pipeline," Zamzam alisema.

"Nilimdanganya. Ningesema kweli mngekuwa wangapi?"

Wote wakamgeukia Nyaboke.

"Barafu ilikuwapo," alisema. "Na watu walikuwapo, kila mtu nyumbani kwake. Na msimu ulikuwa umekufa." Akaweka kikombe chini. "Mimi sikufanya kitu. Nilisimama tu. Lakini nyinyi hamkuja."

Hapo ndipo penye fundo, wasikilizaji, na Maithya alilizungusha akilini kama alivyozoea kuzungusha swali la mtihani, akitafuta upande uliolegea. Zamzam alitangulia, na bila wa kwanza hakuna wa pili. Lakini alichookoa ni uwanja, na uwanja si msimu. Ombima alifanya kazi ndefu kuliko wote, mlango kwa mlango, lakini ndani ya kazi hiyo mlikuwa na uongo, hata kama ulikuwa na vazi la ukweli. Nyaboke alikuwa wa mwisho, na Nthenya alisema kufika mwisho. Lakini Nthenya aliyasema hayo kabla Nyaboke hajafanya lolote. Labda alikuwa amekwisha kumwona anayemtaka, mmoja wa wale wawili. Au labda ndiyo maana alisema utamwona, wala hakusema umemwona.

Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo Maithya hakuwaambia wale vijana. Kila alipolitamka kimoyomoyo jina la Nyaboke, alijisikia yuko chini kwenye barafu tena, koti limelowa, na sauti inamwambia inuka. Je, huyo ndiye aliyeuinua msimu, au ndiye aliyemwinua yeye? Mtu aliyeokolewa hafai kuwa hakimu wa aliyemwokoa. Akimchagua, atakuwa amelipa deni lake kwa mali ya mkewe. Akimwacha kwa kuogopa hilo, atakuwa amemwadhibu mtoto kwa sababu alimtendea wema.

Vijana walimaliza chai, wakashukuru, wakaondoka pamoja. Maithya aliwatazama kutoka dirishani na kuona kwamba hata mwendo wao umebadilika. Kila mmoja alijiwekea nafasi kidogo kutoka kwa mwenzake. Aliwaza kwamba ameshawapoteza wawili kati yao, na bado hajui ni wepi.

Leo Riitta amepiga simu. Shule inafunguliwa, tiketi inangoja, chumba kimepigwa rangi. Maithya ameketi katika kiti cha mkewe, filimbi magotini. Riitta amemjulia hali, amempa pole tena, kisha amesema kwa Kiingereza chao kilekile cha miaka ya baridi kwamba anaomba jina, moja tu.

Maithya amefumba macho. Safari hii alitazama, kila Jumamosi, hadi mwisho. Aliwaona wote watatu. Bila kujua anafanya nini, ameinua mkono na kuunyoosha, kama mfungaji aliyesimama barafuni akitafuta wa kumwonyesha.

Mkono huo bado uko hewani, na kwenye simu mtu anangoja. Mwenye sikio aliokoa barafu, mwenye ulimi akaleta watu, mwenye kusimama akaufufua msimu. Chumba ni kimoja. Nyinyi mliokaa hapa mkasikiliza tangu mwanzo, uelekezeni mkono wa Maithya: kwa nani?